Asiyevaa Jile Usimjibu

Mtoto alifika kwangu Mugunga, jirani na kambi ya waliokimbia vita, akiwa amekumbatia kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa msichana wa miaka kama saba hivi, ana vumbi mpaka kwenye kope. Aliyemleta alikuwa mfanyakazi wa mradi wa kulinda watoto, mwanamke mwembamba aliyevaa jile, kile kizibao cha bluu chenye mifuko mingi na alama ya shirika mgongoni. Alinieleza kwamba mtoto alipotezana na mama yake walipokuwa wakikimbia kutoka Rutshuru, na kwamba angekaa kwangu mpaka mama apatikane. Nilimwogesha, kisha nikataka kumpokea kile kifuniko ili nikioshe pia. Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Nikakiacha.

Mimi ni fundi wa kushona, mjane, sina mtoto. Wazazi wangu walitoka Maniema na biashara yao ya mawese, wakaniachia nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, cherehani, na mdomo mkali. Nilikubali kupokea watoto waliopotezana na wazazi kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Majirani walisema nafuata godoro na sabuni za wazungu. Niliwajibu kwamba godoro lenyewe ni jembamba, waje walilalie wao.

Lakini nisiwe mwongo, fedha za wafadhili zilifanya kazi. Watu wa nchi ambazo sitazifikia walitoa kitu, na kitu hicho kikafika mpaka barazani kwangu. Mwanamke wa jile alikuwa akija kwa gari, anakaa pembeni na mtoto, wanachora, wanaongea taratibu. Mtoto akaingizwa shule. Alipopata malaria, gari lilikuja kumchukua. Nasi wapokeaji tulifundishwa mengi, ila kubwa lilikuwa moja. Siku zile walikuwa wakipita kambini watu wenye maneno matamu, wanajifanya wajomba, wanajifanya mashangazi, wanaondoka na watoto wa wenyewe. Kwa hiyo kila mtoto alifundishwa hivi: mtu akikuuliza habari za mama yako, tazama kwanza kama amevaa jile. Asiyevaa jile usimjibu. Niliikariri naye sheria hiyo kila nilipomsuka nywele, mpaka akawa anaitamka kabla yangu.

Kisha fedha zikakatwa. Redioni walisema huko zinakotoka wamebadili mawazo. Nilikasirika, na mpaka leo sijatulia. Mtu akikusaidia kubeba gunia, hawezi kuliachia katikati ya mlima bila hata kukuambia jiandae. Ofisi ikafungwa, gari likaondoka, na jile zote zikakusanywa kwa kuwa zilikuwa mali ya mradi. Hata vitambaa! Sikujua waliziweka wapi, wala nani alikuwa azivae.

Miezi ikapita. Mtoto akaanza kuimba nikishona, akanifundisha maneno ya Kinyarwanda, akawa ndiye anayeniingizia uzi kwenye sindano maana macho yangu yamechoka. Kabla ya kula yeye alifanya ishara ya msalaba, mimi nikasema bismillahi, tukala sahani moja. Nilishaanza kumwazia sare ya sekondari. Nilimpenda, basi. Sina neno jingine la kusema hapo.

Alasiri moja yule mwanamke alirudi. Alikuja kwa miguu, amevaa kitenge cha kawaida, viatu vimejaa vumbi jeusi. Mtoto alipomwona akaenda kusimama nyuma ya cherehani.

"Karibu, mama," nikamwambia. "Bado unatembea kwa hii kazi?"

"Kazi ilikwisha, mama, lakini batoto habakuisha," akajibu. "Kuko mwenzangu kule Rutshuru, alinipigia. Aliona mama moya anatafuta mutoto yake."

Akanieleza kwamba yule mama ameulizwa swali na ametoa jibu, na jibu analo yeye, hataniambia. Sasa mtoto naye alitakiwa ajibu kwa kinywa chake, pasipo mtu kumsaidia. Wakikubaliana, atarudi kwao. Na ilibidi iwe leo, kwa sababu mama huyo alikuwa anapanda mlimani kesho yake, kwenye mashamba yao, ambako simu haishiki.

Akachuchumaa mbele ya mtoto. "Siku mulikimbia, mama yako alikupatia nini ubebe?"

Macho ya mtoto yalikuwa kifuani pa yule mwanamke.

"Ni miye, mama. Haunikumbuke?"

"Nakukumbuka," mtoto akasema. "Lakini hauna jile."

Jibu nililiona kwa macho yangu. Lilikuwa pale kwenye mkeka, karibu na mto wake, mahali linapolala kila siku. Lakini ningelitamka mimi, ningekuwa nimeliharibu. Yule mwanamke akajifuta macho na ncha ya kitenge. "Ni miye mwenyewe nilimufundisha," akasema, huku anacheka na kulia.

Basi nikavuta kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sare za shule, nikachukua kipimo cha mgeni, nikakata. Sikumficha mtoto. Nilimwambia, "Ile jile yao balibeba. Tunashona yetu." Alikaa nyuma ya cherehani kwa muda, akinitazama. Uzi ulipokatika, akasogea bila kuitwa, akaniingizia mwingine. Mfuko mmoja ulitoka mshazari, na alama ya mgongoni haikuwepo, maana sisi hatukuwa na shirika.

Nilipomaliza, aliichukua, akainyoosha kwa viganja. Akampita yule mwanamke, akaja kusimama mbele yangu.

"Inama, mama."

Nikainama. Akanivalisha. Ilinibana mabegani, kwa kuwa niliikata kwa kipimo cha mtu mwembamba.

"Sasa uniulize weye."

Sikuwa nimewaza kwamba nitakuwa mimi. Nitasema ukweli: nilitamani sauti inikauke, kesho ifike, mama yule apande mlimani kwake, nasi tubaki na sahani yetu moja. Mtoto alinitazama akingoja. Nikauliza neno kwa neno, kama yule mwanamke alivyouliza.

"Kifuniko," akajibu. "Alisema: miye nabeba sufuria, weye beba kifuniko. Tutafunika tukifika."

Yule mwanamke akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, akatoka barazani kupiga simu. Tulimsikia akisema ndiyo, ndiyo mama, ni yeye.

Mtoto akaenda kwenye mkeka, akarudi na kifuniko, akaninyooshea.

"Unioshee," akasema. "Mama asikute iko na vumbi."

Nikakiosha nikiwa bado nimevaa jile.