Kwa Mika Kuna Nani?

Ukimsikia Yusta akiongea leo, sauti inakwaruza kama mlango wa banda la mbuzi, huwezi kuamini kwamba zamani pale kijijini Mgwashi ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu vitandani. Yusta alikuwa mwita wa msaragambo. Siku ya kazi ya pamoja, iwe kufyeka njia au kuchimba mfereji, alisimama mbele na jembe lake akaziita nyumba moja moja kwa wimbo: "Kwa fulani kuna nani?" Mtu wa nyumba hiyo, popote alipo kwenye mstari, aliinua jembe akajibu, "Kwa fulani tupo!" na majembe yote yakashuka pamoja. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, pamoja na sharti lake gumu. Mwita huanza na nyumba yake mwenyewe, na haruhusiwi kujijibia. Akiita mara tatu nyumba yake ikakaa kimya, wimbo unakatwa na watu wanarudi makwao.

Miaka yote ile aliyemjibu ni mumewe, Mika. Mika hakujaliwa sauti, tuseme ukweli. Alianza vizuri, halafu kwenye "tupo" sauti ikamponyoka ikapanda juu peke yake, na mstari mzima ukacheka. Yusta aliipenda "tupo" ile kuliko nyimbo zote za kanisani. Kisha Mika akafariki. Kazi za kijiji nazo zikaanza kupewa wakandarasi, msaragambo ukafifia, na maradhi ya koo yakamnyang'anya Yusta kilichobaki.

Mwaka juzi masika yakachukua daraja la miti chini ya kijiji. Watoto wakawa wanavuka kwenda shule wamebeba viatu mkononi, na siku maji yakijaa hawaendi kabisa. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Bumbuli alizungushwa kwa machela njia ya juu, saa nzima na zaidi. Mwenyekiti wa kitongoji akawaambia wasubiri mkandarasi, na wakasubiri. Mwenyekiti mwenyewe ni Kristian, mtoto wa pekee wa Yusta na Mika.

Aliyechoka kusubiri ni Rukia, fundi cherehani anayeongoza kikundi cha kaswida cha akina mama. Alimfuata Klara, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, wakaongozana hadi kwa Yusta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja wawili, basi kuna jambo."

"Tunataka wimbo wa msaragambo," Rukia akasema. "Tukisema mkutanoni watu wanaitikia kwa kichwa tu, kisha wanalala. Labda wakiitwa kwa wimbo watatoka."

Yusta alifurahi hadi akasahau chai jikoni. Aliwapa maneno yote, nao wakayaandika. Majuma matatu kwaya na kaswida wakafanya mazoezi pamoja, na jioni Yusta alikaa kibarazani akiwasikiliza kwa mbali, machozi yakimlengalenga.

Jumamosi ikafika. Watu walijaa mtoni, magogo tayari, majembe tayari. Klara akapunga mkono na wimbo ukapanda kwa sauti nne, ya kwanza mpaka besi, mzuri ajabu. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jembe hata moja halikuinuliwa, maana kila mtu alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili.

Yusta alicheka, kisha hasira zikampanda. "Klara, mwanangu, mnamwimbia nani? Mto? Wimbo huu hauna karatasi. Ukishika karatasi, jembe atakushikia nani?"

Klara akaona aibu. "Basi tuitie wewe, bibi."

Yusta akarudi nyuma hatua moja. Watu walidhani anaogopa sauti yake mbovu, lakini sauti haikuwa shida. Asubuhi ile alikuwa amemsihi Kristian aje, na Kristian akamjibu, "Mama, nikionekana pale, wilayani watasema daraja hatulihitaji tena." Sasa mwanawe huyo alikuwa amesimama juu njiani, mikono mfukoni, akitazama tu. Akikaa kimya yeye, kazi imekufa, na nyumba ya Mika itakuwa imehesabiwa kwamba haina mtu, mbele ya Mgwashi nzima.

Akalichukua jembe.

"Kwa Mika kuna nani?"

Ilitoka kama kikohozi. Watu wakainamisha vichwa, na karatasi zikaanza kuingia mifukoni.

"Kwa Mika kuna nani?"

Hakuna aliyejibu. Yusta hakutaka kumtazama mwanawe. Alitazama mpini wa jembe. Alifikiria kuacha, aseme amechoka, watu wangemwelewa. Lakini alimkumbuka mama yake, ambaye hakuwahi kuacha kuita mara ya tatu.

"Kwa Mika... kuna nani?"

Kule juu mawe yakaporomoka. Kristian alikuwa anashuka mbio na viatu vyake vya ofisini, anateleza, anashika majani, na kabla hajafika chini akapaza sauti:

"Kwa Mika tupo!"

Na kwenye "tupo" sauti ikamponyoka, ikapanda juu peke yake.

Wazee waliokuwapo zamani wakaangua kicheko, na vijana wakacheka kwa kuwaona wao wanacheka. Yusta hakuwahi kumfundisha kuitikia hivyo. Alipokuwa mtoto, Kristian alikuwa akiletwa kwenye msaragambo mabegani kwa baba yake.

Majembe yalikuwa yameinuliwa yote, yakimsubiri mwita ashushe lake kwanza. Yusta alikuwa analia, haoni mbele.

"Bibi," Rukia akamnong'oneza, "shusha jembe, mikono inatuuma."