Majani Ubavuni mwa Saa ya Mzee Maundu

Ukitaka kuijua tabia ya watu wa Machakos mjini, kaa na fundi wa saa. Unaweza kuifungua saa ya mtu, ukaisafisha, ukairudisha ikitembea sawasawa, naye bado akaigeuzageuza juani na kukuuliza ulifanya nini, maana haing'ai. Mutanu Kimanzi alilielewa jambo hili mapema, tangu mumewe alipofariki na kumwachia meza ya ufundi kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mahmud. Kila saa iliyopita mikononi mwake ilipita pia kwenye gurudumu la kitambaa, ikapigwa polishi mpaka basi. Wala hakujilazimisha. Yeye mwenyewe alilelewa Mitaboni na mama aliyesugua vitako vya sufuria kwa majivu mpaka ukajiona sura humo.

Ndiyo maana kosa alilolifanya lilimjia kirahisi hivyo.

Siku moja ya soko Mzee Maundu aliletwa kutoka Kola na bintiye, Syokau, akiwa ameshikwa mkono. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya kuona, akabaki na vivuli tu. Saa aliyoileta ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, ya enzi za mabwana wa mashamba ya kahawa. Mmoja wao alimpa babake Maundu, aliyekuwa dereva wake, siku alipofunga virago kurudi kwao. Sasa ilikuwa imesimama.

"Mwaitu, mimi siioni tena," mzee alimwambia Mutanu, kwa ile heshima ya Kikamba ya kumwita mwanamke mama. "Lakini nataka niisikie ikitembea."

Syokau alicheka, akasema baba yake ndiye mtu wa pekee Kola nzima anayevaa saa halafu anauliza wengine ni saa ngapi.

Mitambo ya ndani haikumsumbua Mutanu. Aliisafisha, akaitia mafuta, ikaanza kugonga taratibu. Likabaki kasha. Ubavuni mwake palikuwa na weusi ulioganda kwenye vijistari vidogo vidogo, na kwa mtoto wa mama yule, weusi ni uchafu. Akawasha gurudumu, akakandamiza. Alipoinua mkono, ubavu mmoja ulikuwa laini kama kijiko. Akageuza ubavu wa pili, ambao gurudumu halijaufikia, akaweka lenzi jichoni. Ile haikuwa mikwaruzo. Yalikuwa majani, jani moja limelalia jingine, kila jani na mshipa wake, yamechongwa kwa mkono, na ule weusi ulitiwa makusudi ili nakshi ionekane. Fundi fulani wa mbali alikuwa ameinamia kazi hiyo siku nyingi, na Mutanu ameifuta kabla chai yake haijapoa.

Mahmud alitoka dukani akaitazama.

"Mzee haoni," alisema. "Na imeng'aa. Mpe saa yake aende nayo, nani atajua?"

Mahmud si mtu mbaya. Alisema hivyo kwa kumhurumia jirani yake, na tusimfanye Mutanu malaika, shauri lile lilimkaa moyoni mpaka siku mzee aliporudi.

Mzee Maundu aliipokea saa, akaiweka sikioni, akatabasamu. Kisha kidole gumba chake kikaenda ubavuni. Kikapita pole pole, kikarudi, kikapita tena. Tabasamu likamtoka.

"Majani yangu yako wapi?"

"Nimeyafuta mimi, mzee," Mutanu alisema, kabla hajapata nafasi ya kutunga jingine. "Nilidhani ni uchafu."

Afadhali angemgombeza. Mzee alieleza kwamba alipokuwa mtoto, kila mahubiri yalipokuwa marefu kanisani, alikuwa akiushika mkono wa babake na kupitisha kidole kwenye majani hayo mpaka mahubiri yaishe.

"Sura ya baba nilisahau," alisema. "Nilikuwa nimebaki na hiyo tu."

Mutanu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Niachie nijaribu kuyarudisha."

"Utarudisha aje?"

"Nilikuwa nachora vitete na mamangu."

Hilo lilikuwa kweli. Kule Mitaboni mamake alichora nakshi kwenye vitete, vile vibuyu vya uji, na siri ya kazi ilikuwa moja: kisu kitulie, kitete ndicho kizunguke. Lakini kibuyu si dhahabu. Mutanu alinoa sindano nene ya chuma, akaanza kujaribu kwenye makasha ya saa zilizokufa. Chuma kiliteleza, mistari ikaenda kombo, vidole vikachomwa. Mpaka siku alipoacha kusukuma. Aliutuliza mkono wa kulia, akalizungusha kasha kwa mkono wa kushoto, na jani la kwanza likatoka.

Kilichomtisha ni wembamba. Polishi ilikuwa imelila kasha la mzee, na chuma kikizidi kuzama kidogo tu lingetoboka, na hapo hakuna kurudi. Umbo la majani aliliiga kutoka ubavu uliosalia. Kina chake alikijua mtu mmoja tu. Basi kila siku ya soko Mzee Maundu alikaa kwenye kigoda cha Mahmud, Mutanu akachonga kidogo na kumwekea saa chini ya kidole.

"Hii ni kali, mwaitu. Punguza."

"Hapa je?"

"Hapa ilikuwa inalala zaidi. Eeh. Sasa iko karibu."

Mahali pamoja tu karibu na mwisho, ambapo hata ubavu wa pili ulikuwa umelika, mzee alisema hapakumbuki. Mahmud aliwaletea chai bila kuombwa. Mwanzoni aliileta kwa aibu, baadaye ikawa yeye ndiye anayewafukuza wateja waliopiga kelele karibu na meza.

Siku ya mwisho Mutanu alipaka weusi kwenye nakshi, akaufuta juu juu kwa kitambaa, na gurudumu hakuligusa. Akamwekea mzee saa kiganjani. Kidole kikaanza safari yake, jani kwa jani, bila haraka. Karibu na mwisho kikasimama.

"Hili silo."

Mutanu alikiinamia kidole kile. "Hapo sikujua palikuwaje, mzee. Na wewe ulisema hupakumbuki. Niliweka jani la vitete vya mamangu."

Mzee alilipapasa tena, kwa muda mrefu.

"Mamako anaitwa nani?"

"Alikuwa anaitwa Kavindu."

Mzee akanyoosha mkono, akautafuta mkono wa Syokau aliyekuwa kando yake, akakiweka kidole chake ubavuni mwa saa.

"Anzia hapa," alimwambia. "Haya yote ni ya babu yako. Hili la hapa mwisho ni la Kavindu wa Mitaboni. Uyajue vizuri, saa hii itakuwa yako."

Mutanu aligeuka akajifanya anatafuta kitu mezani, maana machozi ya furaha yalikuwa yamemjaa. Alipotazama tena, Syokau alikuwa amekosea njia katikati ya majani. Binti akafumba macho, akaanza upya.