Kulwa Hutangulia

Doto alipoanza kutengeneza ndege nilifurahi, kwa kuwa niliamini hataweza. Mimi nilikuwa nimezitengeneza kwa miaka, pale Shinyanga ninakofundisha. Nachonga milingoti ya mkonge iliyokauka, maana ni miepesi kuliko mbao yoyote ya dukani, kisha nafunga ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli uzungushe pangaboi la mbele. Unausokota mpira mpaka ujikunje mafundo, unaachia, ndege inapaa hadi mpira uishiwe nguvu. Hakuna injini wala rimoti. Watu wazima wenye wazimu huu katika Kanda ya Ziwa tunaenea kwenye gari mbili za Noah, na kati yetu nilikuwa najulikana. Doto ni fundi cherehani Geita, anashona sare za shule na magauni ya sherehe. Alinipigia simu kuuliza mabawa nayafunika kwa kitu gani. Nikamwambia karatasi. Akasema yeye atajaribu kitambaa cha bitana. Nilicheka nikakata simu.

Sisi ni mapacha. Kwa Wasukuma anayetangulia kutoka tumboni ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Hayo kwetu si majina, ni foleni. Na sheria ya mapacha anaijua kila mtu kijijini: akipewa mmoja, na mwenzake apewe, la sivyo aliyenyimwa ataugua. Mama aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Doto alipopata malaria, na mimi nilimezeshwa vidonge vichungu nikiwa mzima kama kengele. Alipoolewa, mama alinishoneshea gauni jeupe kama lake, nikakalishwa jukwaani kushoto kwa bwana harusi, na wageni wa upande wa mume, watu wa Ushirombo, wakawa wanaulizana kijana wao anaoa wangapi. Kila kitu nusu kwa nusu, isipokuwa kimoja: Kulwa hutangulia. Kula, kuoga, kuingia mlangoni, kusalimiwa. Hicho kilikuwa changu na nilikipenda sana.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano ya kurusha ndege zetu, nilipanda basi na mama hadi Geita, tukafikia kwa Doto. Ndege yake ilikuwa imening'inizwa kwa uzi juu ya meza ya kukatia nguo, imetulia bila kuinama mbele wala nyuma. Bitana ya buluu ilikuwa imevutwa kwenye mabawa pasipo kunjo hata moja, mishono haionekani. Niliishika. Ilikuwa nyepesi kama ungo mtupu. Yangu nilikuwa nimeipaka rangi ya mafuta, rangi zote za bendera, mkono wa kwanza, wa pili, na wa tatu kwa ajili ya picha. Roho iliniuma palepale, kabla ya mtu yeyote kurusha chochote.

"Itachanika hii," nikamwambia.

"Labda," akasema Doto, akaendelea kupasi sare za watu.

Ningeweza kuvumilia kushindwa kikombe. Lakini mwaka huu zawadi haikuwa kikombe. Rubani mmoja mstaafu, mzee wa Kishapu aliyeanza na mkonge kama sisi, alikuwa ameileta ndege yake ndogo ya kweli kwenye uwanja wa changarawe nje ya mji. Mshindi wa Jumamosi atapaa nayo Jumapili, akae kiti cha mbele kulia, na huko juu ashike usukani mwenyewe. Mimi ndege za kwenda migodini zikipita juu ya darasa langu hunyamaza katikati ya sentensi mpaka mlio uishe. Wanafunzi wamezoea, wanaweka kalamu chini wananisubiri. Nilikitaka kile kiti tangu sijui kusoma.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ubaridi, nyasi bado zina umande. Sheria ilikuwa rahisi: mruko mmoja kila mtu, atakayekaa hewani muda mrefu ndiye mshindi. Tulipofikiwa sisi, msimamizi akauliza nani anaanza.

"Tusubiri kidogo jua lipande," Doto akaninong'oneza.

"Subiri wewe," nikamjibu. "Kulwa anatangulia."

Nikatangulia. Ndege yangu ilikwenda vizuri, sitasema uongo, ilinyooka ikameremeta na rangi zake zote, kisha mpira ukaisha na ile rangi ikaanza kudai uzito wake. Ikatua kwenye shamba la karanga. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Doto akaomba awekwe mwisho. Akaenda kunywa chai. Mimi nilimwona anaogopa, na nilipendezwa. Kumbe alikuwa anatazama mwewe. Jua lilipopasha changarawe, hewa moto ikaanza kupanda kutoka uwanjani, na mwewe wawili wakaja kuzunguka juu yake bila kupiga bawa. Hapo ndipo aliposokota mpira wake, taratibu, kama anayejaza uzi kwenye bobini, akaachia. Ile buluu ikapanda. Mpira ukaisha, pangaboi likasimama, nayo bado inapanda, ikaingia kwenye mzunguko wa mwewe kama vile wamepatana. Mwenye saa alishika shingo kwa kutazama juu. Nilipiga makofi kama wenzangu, na wakati huohuo nilikuwa naiomba ianguke kwenye miiba. Ilikuja kushuka mbali, kwenye mihogo, ikarudishwa kwa bodaboda bila mkwaruzo.

Hewa ile ingeweza kuwa yangu. Ningesubiri chai moja tu.

Mzee rubani alipomtangaza Doto, mama akainuka kwenye mkeka, akajifunga khanga upya kiunoni na kwenda mbele.

"Baba, hawa ni mabasa," akamwambia, yaani mapacha. "Ukimpa huyu, mpe na huyu."

"Shikamoo mama. Lakini zawadi ni ya mshindi."

"Marahaba. Mimi sikuzaa mshindi. Nimezaa wawili."

Watu wakacheka, lakini mzee hakucheka. Alikuwa Msukuma, na Msukuma hata akirusha ndege maisha yake yote hachezi na mapacha. Akajikuna kichwa. "Kiti cha nyuma kipo," akasema. "Kulwa atakaa nyuma."

"Wabeja," mama akashukuru kwa Kisukuma, akarudi kukaa mkekani, shauri limekwisha. Doto alikuwa anakunja mkia wa ndege yake kwenye gazeti, hakuinua macho.

Jumapili baada ya ibada tulipanda. Kwa mara ya kwanza maishani Doto aliingia kabla yangu, kwa sababu kiti chake kilikuwa mbele. Nilikaa nyuma na magoti kifuani. Tuliponyanyuka nikaona mabati ya Geita yakimetameta, ngazi za shimo kubwa la mgodi kwa mbali, maturubai ya wachimbaji wadogo, na upande wa Chato ziwa limelala kama shuka iliyoanikwa. Vyote hivyo niliviona pembeni mwa kisogo cha dada yangu. Mzee akamwambia, "Shika." Akashika. "Kata kushoto, polepole." Dunia nzima ikainama kushoto kwa sababu Doto amezungusha mikono. Alicheka kicheko ambacho sikukijua, na mimi naijua sauti yake tangu tumboni. Nilitamani injini ikohoe. Ikohoe tu, imtishe.

Tulitua. Mzee hakuzima injini. Akageuka, uso umejaa wema, akapaza sauti juu ya mlio: "Mafuta ya mzunguko mmoja yapo. Badilishaneni. Kulwa naye ashike, mama aridhike."

Nilikuwa nimeshafungua mkanda kabla hajamaliza. Mama alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja anatuonyesha kwa mikono: badilishaneni, badilishaneni.

Doto hakugusa mkanda wake.

"Hapana," akasema.

"Mapacha hawanyimani, mwanangu," mzee akamwambia.

"Tumegawana homa. Tumegawana gauni la harusi yangu." Alikuwa anamjibu mzee lakini ananitazama mimi, wala hakuwa na hasira. "Hiki changu, Kulwa. Sikigawi."

Nikangoja nione aibu ikimjia, kama ambavyo ingenijia mimi. Haikuja. Mzee akaniuliza nabaki au nashuka. Nikashuka, na mtu asinisifu kwa hilo. Nisingeweza kukitazama kile kisogo mzunguko mwingine. Nilitembea nimeinama hadi mkekani, vumbi la pangaboi likinipiga mgongoni.

"Mbona umeshuka? Hujapata!" mama akalia. "Utaugua!"

"Zamu yake, mama."

"Zamu gani? Lini nyie mkawa na zamu?"

Ndege ilikimbia ikaacha changarawe, na safari hii kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Ilipokata kushoto juu yetu nilijua mikono ni ya nani. Mama alinishika paji la uso kupima kama homa imeanza. Nilimwacha apime. Nilikuwa bado na wivu, ila ulikuwa umeshahama kutoka kwenye kiti. Nilimwonea wivu kwa lile neno lake, changu. Nina zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kushika kitu nikasema changu bila kutazama kwanza pembeni, kuona kama Doto naye amepata.