Waraka wa Tarakimu kutoka Saadani

Chuo chetu pale Bagamoyo kilisikika kabla ya kuonekana. Ukitoka upande wa kisimani ulisikia watoto wakipayuka kwa pamoja, "Abjadi, hawazi, huti, kalamuni!" kila mmoja kwa kasi yake, mpaka mbuzi wa jirani wakajua pa kuitikia. Hizo ni herufi zenye hesabu: alifu ni moja, lamu ni thelathini, mimu arobaini, sini sitini. Maalimu alitufundisha ili tuiheshimu elimu ya nyota, ambayo alisema sisi hatutaifikia. Mimi sikuwa msomi, na nikieleza kwa nini sikuwa msomi nitakuwa nimekwisha kusimulia kisa chenyewe, basi ngojeni. Wadachi walikuwa bado hawajatushika, nami nilikuwa binti wa miaka tisa hivi, mwepesi wa mdomo kuliko wa kazi.

Aliyenilea ni shangazi yangu Mwanahawa, kwa kuwa mama alifariki mimi sijajua kutembea. Mwaka huo ikaja posa kutoka kwa bwana mmoja wa Saadani, na mshenga wake alikuwa Maalimu huyo huyo. Alimsifu bwana mpaka mate yakamkauka: ana nyumba ya mawe, ana mtu wa kuteka maji, mkewe hatashika jembe maisha yake. Baba, aliyekuwa walii wa shangazi, alimwachia Bibi, mama yao, aamue. Shangazi naye akaanza ubibi kabla ya ndoa. Aliacha kusuka ukili, akawa anatembea kwa kuburuta viatu vya mti, ko, ko, ko, ili majirani wajue. Mimi nilikuwa nalia chooni. Nilijua akienda Saadani nimebaki na Bibi, na Bibi alisuka nywele kana kwamba anafunga mzigo wa punda.

Jumatano moja Maalimu akaja na waraka. Tangu juu hadi chini, tarakimu tupu. "Bibi, hizi ni hesabu za nyota," akasema. "Bwana ametazamiwa huko kwao. Nyota yake na ya Mwanahawa zimekaa mkeka mmoja."

"Mashallah. Basi niachie."

"Nikuachie?"

"Ijumaa nitaziosha kwa maji ya waridi, Mwanahawa anywe kombe. Nyota nzuri kama hizi zibaki kwenye karatasi, mwanangu, si hasara?"

Maalimu alitoka jasho, lakini angesemaje? Sisi watu wa pwani maandishi yenye baraka huyaosha tukayanywa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwisha kusema yana baraka. Akaondoka akitazama nyuma kama mtu aliyesahau mtoto.

Bibi akauweka waraka chini ya bakuli, akaenda msibani. Nikautoa. Nikajaribu kuusoma kwa hesabu za chuoni nikakwama palepale: nane, thelathini na saba, sitini na saba, thelathini na saba, nane. Hakuna herufi ya thelathini na saba! Nikataka kuurudisha. Ila hizo tano zilinichekesha, maana zilikwenda zikarudi kwa njia ileile, kama mtu aliyefika kisimani akakumbuka ameacha ndoo. Nikawaza, hivi waraka huanza na nini? Hata mwizi akiandika kwa mwizi mwenzake, huanza na salamu. Assalamu, kabla hujafika mimu: alifu, lamu, sini, lamu, alifu. Na hiyo nayo inakwenda ikarudi! Alifu ni moja, hapa imekuwa nane. Lamu ni thelathini, imekuwa thelathini na saba. Sini vivyo hivyo. Bwana alikuwa ameongeza saba kila mahali, kama mpishi aliyetia chumvi vyungu vyote. Zama zile barua ilipita mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na macho, ndiyo maana alijificha. Lakini adabu ilimshinda. Siri yote aliifunga, mlango akauacha wazi kwa salamu.

Nikapunguza saba saba kwa vidole, na vya miguu nikavitumia. Ilinichukua mpaka Alhamisi adhuhuri. Waraka ulisema: "Nyumba ya Saadani si yangu, usiitaje sana. Mtama wangu Mkange unakaribia kubeba na nguruwe mwaka huu ni wengi kuliko watu. Nipatie mke upesi, aje alinde."

Nilipowaambia Bibi na shangazi, Bibi aliurudisha waraka chini ya bakuli. "Mtoto huzua," akasema. "Tutamuuliza mwenyewe."

Ijumaa Maalimu akaja, bakuli lipo tayari, shangazi amevaa, viatu miguuni. Bibi akaanza kumwamkia taratibu.

"Hujambo, Maalimu?"

"Sijambo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Bwana wa Saadani hajambo?"

"Hajambo."

"Na nguruwe wa Mkange?"

"Hawajambo, alhamdulillahi," akasema Maalimu, kisha akafumba mdomo kwa mikono miwili.

Shangazi alivua kiatu kimoja. Sitasema kilitua wapi, kwa kuwa marehemu alikuwa mwalimu wangu. Jumamosi Maalimu akaleta habari kwamba nimehitimu, nisirudi tena chuoni, na wakati huo nilikuwa sijamaliza hata juzuu ya kwanza. Ndiyo elimu yangu yote. Sikuijutia: shangazi aliolewa miaka miwili baadaye na fundi wa milango, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na nywele zangu akazisuka yeye mpaka nilipoolewa.

Siku hizi wajukuu zangu wanasoma Kizungu, na mabinti wanaandikiwa barua na wachumba wao moja kwa moja, hakuna mshenga, hakuna tarakimu. Juzi mmoja alinisomea yake. Bwana amesema waziwazi kwamba hana nyumba, mama yake ni mkali, na shamba liko mbali na maji. Nikamuuliza, "Sasa umemjibu nini?"

"Nimemjibu ndiyo, Bibi."

Sisi tuliponyoka kwa kupunguza saba. Huyu nimpunguzie nini?