Mbabula Iliyokatwa Katikati

Kikundi chetu cha akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kilialikwa Lilongwe, kwenye ofisi moja ya City Centre, kueleza mbabula zetu, majiko ya udongo yanayotumia makaa kidogo. Mfinyanzi wetu, mama wa Fizi kule Kongo, hakutaka kusikia habari ya kusimama mbele za watu.

"We njo ulisoma kule Bukavu," aliniambia. "We njo utasema."

Nikamwomba mume wangu, anayechora mabango ya vinyozi hapa kambini, anichoree mbabula kwenye shuka jeupe. Akachora kwa moyo wote, na moshi juu yake. Mimi nikajaza maelezo pembeni kwa herufi ndogondogo, nisije nikasahau kitu.

Jumapili baada ya ibada nikafanya majaribio mbele ya akina mama wenzangu. Nikasema weee, nao wamekaza macho kwenye shuka wakihangaika kusoma. Mwishowe mmoja akanyoosha mkono.

"Mama, ule bibi wa nywele mingi ni nani?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Nikageuka: kweli, moshi ulikuwa umejipanga kama nywele za kwenye bango la kinyozi. Mume wangu alinuna mpaka jioni, kisha akacheka mwenyewe na tonge la nsima mdomoni.

Kesho yake nikaenda kwa mfinyanzi. Aliponisikiliza, akachukua mbabula ambayo haijachomwa, akaipitisha waya katikati kama anakata sabuni.

"Sasa bantu bataona tumbo yake."

Nusu moja ikachomwa pamoja na mbabula nyingine, na mume wangu akaipaka rangi ndani: nyekundu mahali pa moto, buluu njia ya hewa. Mimi na mfinyanzi tukaifunga kwenye kitenge, kabaza wawili wakatufikisha barabarani na baiskeli zao, tukapanda basi.

Kule ofisini nilianza vibaya. Niliwapa wa mbele ile nusu waipitishe, nikaendelea kuongea. Kila ilikokwenda, vichwa vyote vilifuata; nikabaki nahutubia visogo! Nikaiacha izunguke. Ilipozunguka wote nikaiweka mezani, nikaanza upya, safari hii nikifuata njia ya hewa kwa kidole. Macho yakaja, na masikio yakaja nayo.

Mama mmoja mfanyakazi wa pale akasogea hadi mezani. "Yangu nyumbani inameza makaa," alisema kwa Kichewa. "Mnaweza kuja mtaani kwetu Area 18, majirani zangu waone?"

"Zikomo, mama, tutakuja," nikamshukuru kabla hata sijamtazama mwenzangu.

Jumamosi tukaenda na mbabula nzima. Mfinyanzi akaiwasha uani, tukabandika maharage, mimi nikaongea kidogo tu. Wanawake waliinama kuchungulia makaa, wakainuka, wakainama tena. Maharage yalipoiva, tulikula wote pale pale, na mwenyeji wetu na majirani zake wakatuuliza tutarudi lini na mbabula za kuwauzia.