Nani Alivuta Kishikio

Kiumars Tavassoli alikuwa mtu wa kiti cha nyuma. Ndege za vita za kikosi chake zilibeba watu wawili: mbele rubani, ambaye hupigiwa saluti na kupigwa picha, na nyuma mtu wa rada, ambaye hutapika. Tangu aanze kazi, Kiumars aliitazama dunia kupitia kisogo cha Kapteni Jamshid Farahmand, na kilikuwa kisogo chenye majivuno.

Asubuhi moja, katika mwaka wa pili wa vita na Iraki, waliondoka kambi yao ya Hamadani kwenda kupiga daraja ng'ambo ya mpaka. Daraja hawakulipata. Mizinga ndiyo iliyowapata wao. Injini ya kulia ikashika moto, moshi ukajaa miguuni mwa Kiumars, na Jamshid akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Tulia. Bado inaruka."

"Inaungua, Kapteni."

"Nimesema bado inaruka."

Kiumars alikuwa na mke mpya kule Malayer, hakuwa na muda wa mjadala. Akavuta kishikio kilichokuwa kati ya magoti yake. Waliounda ndege ile waliona mbali: wa nyuma akivuta, viti vyote viwili hurushwa nje. Jamshid alikwenda hewani akiwa katikati ya sentensi.

Walitua kwenye shamba la matikiti. Wakulima walikuwa wanakuja mbio na majembe. Jamshid alikuwa ameteguka mguu, mwavuli umemfunika gubigubi, na maneno yake ya kwanza katika nchi ya adui yalikuwa haya: "Mpumbavu wewe, umenitupa nje ya ndege yangu mwenyewe."

Ugomvi huo ulidumu miaka tisa, kwa sababu waliotekwa pamoja waliwekwa bweni moja la kambi ya mateka. Walipigwa pamoja, wakashinda na njaa pamoja, na kila kipigo kilipokwisha Jamshid alijilaza chali akasema, "Saa hizi ningekuwa nyumbani nakula."

"Saa hizi ungekuwa majivu," Kiumars alimjibu.

Bweni zima likachoka. Majira ya baridi ya mwaka mmoja wenzao wakaamua kesi isikilizwe ili watu wapate usingizi. Hakimu akawa Mashdi Safar, dereva wa lori kutoka Kermanshah aliyetekwa pamoja na shehena yake ya vitunguu. Alichaguliwa kwa kuwa hajapata kupanda ndege maishani, hivyo hana upande. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, blanketi mabegani, akaamuru watu wavue kofia.

Hawajafika mbali, mlango ukafunguliwa. Sajenti Abbud, mlinzi wa zamu, aliingia na fimbo kuwatawanya. Nasser, kijana wa Khorramshahr aliyekulia katika Kiarabu, akamweleza kinachoendelea. Sajenti akauliza ni ndege gani, ilianguka wapi, mwezi gani. Kisha akashusha fimbo. Siku ile, akasema, yeye alikuwa kwenye kikosi cha mizinga kilimani.

"Shahidi apewe nafasi," akasema Mashdi Safar. "Haya, mwanangu, uliona nini?"

Nasser akatafsiri. Sajenti akafikiri.

"Ilikuwa inawaka kuanzia bawa mpaka mkia."

Kiumars akamgeukia Jamshid polepole, ili aufaidi utamu.

"Lakini hawa wawili walipotoka," Sajenti akaendelea, "ikaanza kuruka vizuri. Ikanyooka, ikavuka kilima. Sisi tukajua kuna mtu wa tatu ndani."

Watu walicheka mpaka wakakohoa. Sajenti mwenyewe alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho. Kesho yake aliwacharaza kama kawaida, ingawa Nasser aliapa kwamba mkono ulikuwa mwepesi.

Hukumu ilikuwa fupi. "Wa nyuma ana haraka, wa mbele ana kiburi, na ndege ya serikali imepotea. Kapteni, utamfulia mwenzako soksi mpaka barafu iyeyuke. Nawe Kiumars, utamwita Kapteni kwa heshima zote, hata akiwa na soksi zako mkononi."

Jamshid alifua, na alifua vibaya. Lakini kabla barafu haijayeyuka Kiumars alishikwa na kuhara damu, na Jamshid akafua mengi zaidi ya soksi. Hilo hakuna aliyelitaja, wala wao wenyewe.

Mwaka wa tisini mateka walibadilishanwa. Mahin, mkewe Kiumars, alikuja kumpokea akiendesha gari. Alijifunza wakati mume hayupo, wala hakuomba ruhusa ya mtu. Mbele aliketi mama mkwe. "Wewe panda nyuma," Mahin akamwambia, huku analia. "Si umezoea?"

Baada ya wiki chache Kiumars na Jamshid waliitwa Tehrani kuhojiwa. Kanali mmoja mchovu akauliza nani aliamua kuiacha ndege.

"Mimi," Jamshid akasema upesi. "Nilitoa amri, mwenzangu akatii."

Walipofika nje Kiumars akamgeukia.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Kuvuta bila amri ni kesi, bwana. Unataka kutoka jela ile uingie ya hapa? Mkeo ataniua."

"Lakini nilivuta mimi. Ndilo jambo pekee la akili nililofanya vita nzima, nawe umelichukua."

"Shukuru, basi."

Kiumars hakushukuru. Aligeuka, akapanda ngazi, akamwambia Kanali ukweli wote, pamoja na habari za shamba la matikiti. Kanali alimsikiliza, akafunga kalamu yake. "Bwana Tavassoli," akasema, "nina watu wengi nje. Nenda nyumbani ukanenepe."

Alipotoka, Jamshid alikuwa ameketi kwenye ngazi na mishikaki ya maini ya kutosha watu wawili, iliyofungwa ndani ya mkate. Ya kwake alikuwa ameshaimaliza, sasa anaanza kuila ya Kiumars.