Kifuniko cha Milimita

Mtaani walimwita Milimita, na hakuna aliyekusudia kumsifu. Alikuwa seremala, na mteja akimwambia "hata ukiacha mwanya kidogo haidhuru," alimtazama kama mtu aliyemtukania mama yake. Droo zake zilipofungwa zilitoa pumzi. Kabati zake hazikuingiza mende, na wapo waliosema ndiyo maana alichelewa kuzimaliza: alikuwa akingoja kwanza mende wakate tamaa.

Mkewe alikuwa mpima ardhi. Kila msimu wa mvua kazi ilimpeleka msituni wiki kadhaa, mahali ambapo kuni zote ni mbichi na kiberiti hulowa kabla ya mwenyewe. Basi Milimita akajifunza moto kama wengine wanavyoshika dini uzeeni. Alikusanya maranda membamba ya msonobari, yale yenye utomvu, akayachovya kwenye nta ya mishumaa. Njiti za kiberiti nazo akazivika nta vichwani. Kisha akaingia bafuni, akafungulia bomba la mvua, akaanza kuyawasha.

"Mkwe wangu," mama mkwe, aliyeishi nao, aliita kutoka mlangoni, "wenzio huoga maji. Wewe unaoga moto?"

"Najaribu tu, mama."

"Haya. Ukiungua usipige kelele, nina usingizi."

Maranda yakawaka. Milimita akayatengenezea kisanduku cha mti mgumu, kifuniko kikabana barabara. Alikizamisha ndooni kutwa nzima. Ndani hakikuingia kitu.

Mkewe aliondoka nacho, akarudi na homa, vidole vimevimba, kisanduku hakijafunguliwa. Alikuwa ameteleza mtoni, akapotezana na wenzake, akalala kwenye mvua mpaka walipompata asubuhi.

"Hakikuingiza hata tone," alisema kutoka kitandani.

"Nilikwambia."

"Hata kidole hakikuingiza. Mikono ilikufa ganzi. Nikavuta, nikagonga na jiwe, nikakitukana. Hongera, fundi. Kazi safi."

Mama mkwe, aliyekuwa akikanda vidole vya bintiye kwa maji ya moto, hakuinua hata kichwa. "Chanda chema huvikwa pete," alisema. "Hiki kimevikwa sanduku."

Msimu uliofuata mkewe alipakia begi. Kisanduku alikiacha rafuni, akatia kiberiti cha dukani ndani ya mfuko wa nailoni.

"Huo mfuko utavuja," Milimita alisema.

"Lakini unafunguka."

Milimita alitoka akaenda karakanani na ndoo ya maji na barafu, jambo ambalo angepaswa kulifanya mwaka mmoja kabla, badala ya kuoga moto. Akatumbukiza mikono mpaka ikaacha kuwa yake. Akashika kisanduku. Kifuniko, fahari ya maisha yake, kilimteleza kama sabuni. Akajaribu kopo la bati, likamshinda. Akakipiga kifuniko randa mpaka kikalegea. Sasa kilifunguka, na maji nayo yakaingia bila hodi. Alisimama pale akitetemeka, na katika kutetemeka akagundua kwamba kiungo kimoja mwilini hakikuwa kimekufa ganzi. Meno yalikuwa yakigongana kwa nguvu zote.

Akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akashindilia maranda na kiberiti, akakunja ncha, akazifunga kamba kwa fundo la kuvuta. Mkia wa kamba akauacha mrefu, unaning'inia bila adabu. Mpira wenyewe nao ungewaka, hata ukiwa umelowa. Kilikuwa kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

Akakiweka mezani mbele ya mkewe, na ndoo kando.

"Nini hiki?" aliuliza mama mkwe. "Panya?"

Mkewe hakucheka. Alitumbukiza mikono ndooni, akavumilia, akaitoa imekakamaa. Kisha akainama, akauma mkia wa kamba, akavuta. Fundo likaachia. Maranda yakamwagika mezani, makavu.

Alimtazama mumewe, kamba ikiwa bado mdomoni. Halafu akautoa mfuko wa nailoni begini, akampa mama yake akafungie vitunguu.

Aliporudi kutoka msituni alikuwa mzima, vidole vyake vyote vikiwa na saizi zake za kawaida. Mpira haukuwepo. Kamba tu ilikuwa imebaki mfukoni mwake.

"Ulilowa?" Milimita aliuliza.

"Kidogo."

Milimita aliichukua kamba, akaipeleka dirishani penye mwanga, akazichunguza alama za meno. Zilikuwa za kina sana. Hakuuliza tena hicho kidogo kilikuwa kiasi gani.